Jinsi ya kutengeneza kibandiko cha dawa cha shavuni maabara, hatua kwa hatua

Kila muhula maswali ni yale yale. Mbona jeli yangu ina mabonge? Mbona kibandiko kimepasuka kama tope la kiangazi? Mbona vipande viwili vya sahani moja vina dawa tofauti? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa famasia anayefanya mradi wake wa kwanza wa vibandiko vya mdomoni, katika maabara yenye mizani nzuri, oveni na spektrofotomita, bila mashine za bei kubwa.

Utakachotengeneza ni kibandiko chembamba chenye tabaka mbili. Tabaka ya ndani ina polima, yaani kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo, inayonata kwenye utando telezi wa shavu, pamoja na dawa. Tabaka ya nje haiyeyuki kwenye mate, nayo huizuia dawa isimwagikie mdomoni. Dawa tutakayotumia kujifunzia ni propranololi haidrokloraidi, dawa ya moyo na shinikizo la damu.

Kwa nini shavuni, na kwa nini dawa hii

Nadharia nitaitoa kidogo tu. Dawa inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, na baadhi ya dawa huharibiwa humo kabla hazijafika kwenye damu ya mwili mzima. Propranololi ni mfano mzuri: ikimezwa, takriban robo yake tu ndiyo hufika salama. Damu ya mashavuni huteremka kupitia mishipa ya shingo moja kwa moja kuelekea kwenye moyo, bila kupitia ini kwanza. Ngozi ya ndani ya shavu haina ile tabaka ngumu iliyopo kwenye fizi na kaakaa, kwa hiyo dawa huweza kupenya.

Tatizo ni mate. Mtu mzima hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na kila anapomeza huondoka na dawa. Ndiyo maana tunahitaji kitu cha kunata. Wazo hili si geni: mwaka 1947 watafiti walichanganya ulimbo wa tragakanthi na unga wa kubandikia meno ya bandia ili kuishikiza penisilini mdomoni. Leo kuna tembe ya mikonazoli ya mg 50 inayobandikwa kwenye fizi ya juu mara moja kwa siku kutibu fangasi wa mdomoni.

Polima hunata kwa njia hii: inapogusa unyevu wa ute hunyonya maji, hulainika, minyororo yake hufunguka na kujisokota na minyororo ya ute. Maji yakiwa machache haifunguki. Yakizidi, inageuka utelezi na kibandiko kinahama. Kaa na picha hiyo kichwani, kwa sababu karibu kila kosa utakaloliona hapa chini limetokana na maji: yameingia vibaya, yametoka haraka mno, au yamerudi bila kukaribishwa.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Kibandiko hiki hakiwekwi mdomoni mwa mtu yeyote. Si mwako, si mwa rafiki yako, hata kile kisicho na dawa, maana vyombo vya maabara si vyombo vya chakula. Kila mwaka yupo anayetaka "kuonja kidogo tu aone kama kinanata". Propranololi hupunguza mapigo ya moyo, huweza kumbana pumzi mwenye pumu hadi hali ya hatari, tena huutia ulimi ganzi. Kumpa binadamu dawa ya majaribio kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na cha mamlaka ya dawa (TMDA kwa Tanzania, Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya), na mradi wa darasani hauna vibali hivyo.

Ethanoli hushika moto. Hakuna kichomeo cha gesi wala jiko la koili wazi karibu na tabaka ya nje inapokauka. Kama una pumu, mwachie mwenzako kazi ya kupima unga wa propranololi, na anayepima avae barakoa na glovu.

Vinavyohitajika

Kwa jeli ya dawa, jumla g 50, inayotosha sahani mbili:

- HPMC (haidroksipropili methiliselulosi, polima ya kunata) daraja E15: g 1.00
- HPMC daraja K4M: g 0.50
- PVP (polivinili pirolidoni) K30: g 0.15
- Gliserini (ya kulainisha kibandiko): g 0.375
- Propranololi haidrokloraidi: g 0.398
- Maji yaliyokenekwa: hadi jumla ifike g 50

Kwa tabaka ya nje, ml 25:

- Ethiliselulosi: g 0.75
- Triethili sitrati: g 0.19 (ukikosa, tumia mafuta ya nyonyo ya duka la dawa, yasiyo na manukato)
- Ethanoli ya asilimia 96: hadi ml 25

Vyombo: sahani mbili za petri za kioo, bika mbili, kikorogeo cha sumaku chenye joto, mizani ya kusoma hadi mg 0.1, oveni inayotulia kwenye nyuzi 40, faneli mbili kubwa za kioo, pima maji ya fundi mwashi, mikromita, wembe mpya, rula ya chuma, karatasi ya alumini, na desiketa (chombo cha kuhifadhia vitu pakavu) yenye jeli ya silika.

Pima maji usiidharau. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho kinachookoa miradi mingi zaidi.

Kuhusu daraja za HPMC: E15 ni nyepesi na hutoa utando mzuri usio na mikunjo, lakini peke yake huyeyuka upesi mdomoni. K4M ni nzito, hunyonya maji polepole na kukifanya kibandiko kidumu. Ukichanganya mbili kwa moja unapata jeli inayomiminika na kibandiko kinachovumilia. Herufi na namba zimeandikwa kwenye kopo. Usikubali kopo lililoandikwa "HPMC" tu, kwa sababu hutajua umetumia nini na hutaweza kurudia.

Hesabu, kabla ya mizani

Tunataka kila kipande cha sm 2 kwa sm 2, yaani sm² 4, kiwe na mg 10 za dawa. Sahani yenye kipenyo cha ndani cha sm 9.0 ina eneo la sm² 63.6. Gawa kwa 4, zidisha kwa 10: unapata mg 159 kwa sahani. Tutamimina g 20 za jeli kwa kila sahani, kwa hiyo g 50 za jeli zibebe mg 398. Hapo ndipo namba ya kwenye orodha ilipotoka.

Sasa chukua rula upime sahani yako kwa ndani. Sahani zinazouzwa kama "za sentimita tisa" mara nyingi kipenyo hicho ni cha kifuniko au cha ukingo wa nje. Kundi moja nililolisimamia lilihangaika wiki mbili likitafuta kwa nini kila kipande kina karibu mg 11 badala ya 10. Walibadilisha polima, wakalaumu spektrofotomita, wakapima upya dawa. Sahani zao zilikuwa na kipenyo cha ndani cha sm 8.6. Eneo lake ni sm² 58.1 tu, kwa hiyo dawa ileile ilikuwa imebanwa kwenye nafasi ndogo. Rula ya shilingi mia chache ingewaokoa.

Na kwa nini tutengeneze g 50 wakati tunamimina 40? Kwa sababu jeli hubaki imeng'ang'ania kwenye kuta za bika. Anayetengeneza kiasi kamili cha sahani moja na "kumimina yote" hajamimina yote, na hajui amebakiza kiasi gani.

Hatua za kazi

Siku ya kwanza

1. Pima bika tupu ikiwa na sumaku yake ndani na uandike uzito kwenye daftari. Bila namba hii hutaweza kujua maji yaliyopotea kwa mvuke.

2. Changanya unga wa E15 na K4M ukiwa mkavu, kwenye karatasi ya kupimia, hadi uwe mmoja.

3. Pasha g 15 za maji kwenye bika hadi nyuzi 80 au 85. Washa kikorogeo mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha nyunyizia unga kidogo kidogo kwenye ukingo wa shimo hilo. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Aliyezoea kupika uji anajua unga huanza na maji baridi, kwa sababu ukiutupa kwenye maji ya moto unafanya mabonge. HPMC ni kinyume kabisa. Haiyeyuki kwenye maji ya moto, kwa hiyo humo chembe zake hutawanyika na kulowa bila kushikana. Ukiitupa kwenye maji baridi, nje ya kila donge hulowa na kugeuka ngozi ya jeli, ndani unga unabaki mkavu, na donge hilo unaweza kulikoroga hadi jioni lisivunjike.

4. Koroga dakika 10. Mchanganyiko utakuwa mweupe kama maziwa. Ni sawa, bado haujayeyuka.

5. Zima joto. Ongeza g 20 za maji baridi sana, weka bika ndani ya chombo chenye barafu, endelea kukoroga polepole kwa nusu saa. Utaona weupe unaondoka na jeli inaanza kuwa nzito na angavu. Punguza mwendo wa sumaku jeli inapokuwa nzito, maana kasi huingiza hewa.

6. Funika kwa karatasi ya alumini, weka kwenye jokofu usiku kucha. Usiku huu hauna njia ya mkato. Polima inamalizia kunywa maji na viputo vinapanda juu vyenyewe.

7. Kabla ya kuondoka, yeyusha ethiliselulosi kwenye ethanoli kama ml 20 kwa kukoroga baridi, ongeza triethili sitrati, fikisha ml 25, funika vizuri.

Siku ya pili

8. Weka sahani mbili mahali ambapo hazitaguswa na uzisawazishe kwa pima maji, pande zote mbili, mbele na nyuma kisha kushoto na kulia. Kama meza imeinama, kunja kipande cha karatasi chini ya upande mmoja. Fanya hivyo hivyo ndani ya oveni, kwenye rafu utakayotumia. Rafu za oveni za zamani huinama katikati.

9. Mimina ml 10 za ethiliselulosi kwa kila sahani. Funika kwa faneli iliyogeuzwa juu chini, mdomo mpana chini, ili mvuke utoke polepole kupitia shingo yake. Acha kwenye joto la chumba, pahali penye hewa lakini si chini ya feni.

10. Wakati tabaka hiyo inakauka, pima propranololi, PVP na gliserini. Gliserini ipime kwa uzito moja kwa moja kwenye kibika kidogo. Usiivute kwa pipeti, kwa sababu nusu yake itabaki imenata ndani. Yeyusha vyote vitatu kwenye g 5 za maji hadi viwe angavu kabisa.

11. Toa jeli kwenye jokofu, iache ifike joto la chumba, mimina myeyusho wa dawa, suuza kibika mara mbili kwa maji kidogo na suuzo liingie kwenye jeli. Koroga taratibu dakika 30.

12. Pima bika nzima. Toa uzito wa bika na sumaku ulioandika jana. Ongeza maji mpaka jeli iwe g 50 kamili. Koroga dakika 10 nyingine, kisha iache itulie saa moja, au dakika 15 kwenye bafu ya mawimbi ya sauti kama ipo. Tazama dhidi ya mwanga: haina viputo, haina nyuzi, haina weupe.

13. Gusa ukingo wa tabaka ya nje kwa ncha ya kijiti. Inatakiwa iwe imeshika lakini ingali na mnato mdogo. Huu ndio wakati wa kumimina jeli. Ikikauka kabisa, tabaka mbili hazitashikana na zitaachana siku ya kukata.

14. Weka sahani kwenye mizani, iweke sifuri, mimina g 20.0 za jeli kuanzia katikati. Rudia kwa sahani ya pili. Usiitikisetikise kuisambaza, itajisambaza.

15. Ingiza kwenye oveni ya nyuzi 40, funika kwa faneli, acha saa 24. Usiongeze joto ili kuwahi. Ukipandisha hadi 60, uso wa juu unafunga ngozi kabla maji ya chini hayajatoka, halafu maji hayo yanatafuta njia na kuacha malengelenge. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Andika muda uliokatika na uongeze saa hizo.

Siku ya tatu

16. Zungusha ncha ya wembe kwenye ukingo. Kibandiko kilicho tayari kinainuka kama utando wa ndani ya ganda la yai. Kikigoma, usikivute. Weka sahani dakika 10 ndani ya boksi lililofunikwa lenye kitambaa kibichi, kilainike, ujaribu tena.

17. Tupa ukingo wa nusu sentimita kuzunguka pande zote, kwa sababu jeli hupanda kidogo kwenye kuta na ukingo huwa mnene. Katika duara la sm 8 linalobaki, ukipanga safu tatu za vipande 2, 3 na 2, unapata vipande 7. Eneo la sahani nzima lingekupa 15 kwa hesabu ya karatasi, na wengi hupanga vipimo vyao kwa 15 hizo. Panga kwa 7.

18. Kata kwa wembe mpya ukibana rula ya chuma juu. Mkasi huvuta na kupotosha kingo.

19. Funga kila kipande peke yake kwa karatasi ya alumini, andika namba na upande wa tabaka ya nje, weka kwenye desiketa. Kwa mlio Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Zanzibar wakati wa masika: kibandiko kilichoachwa mezani asubuhi kinanata vidoleni ifikapo mchana.

Vipimo vya lazima

Uzito na unene. Pima vipande vyote. Kwa kiasi tulichotumia, kipande kimoja cha sm² 4 kinatakiwa kuwa karibu mg 85, pamoja na maji kidogo yaliyobaki. Tabaka ya dawa inachangia takriban mg 61 na tabaka ya nje mg 24. Ukipata mg 70 au 105, rudi kwenye hesabu au kwenye pima maji kabla ya kuendelea na lolote. Unene upime pointi tano: pembe nne na katikati.

Kukunja. Kunja kipande mahali palepale, mara kwa mara, mpaka kipasuke. Kikivuka mara 300 bila kupasuka, kinatosha.

pH ya uso. Lowesha kipande kwa ml 1 ya maji yaliyokenekwa kwa nusu saa, kisha gusisha elektrodi kwenye uso wake. Unataka karibu na 6 hadi 7, kama mate. Chini sana au juu sana, utando wa shavu utawaka.

Kiasi cha dawa. Yeyusha kipande kimoja kwenye ml 100 za bafa (myeyusho usiobadilisha pH kirahisi) ya fosfati ya pH 6.8, ukikoroga hadi jeli iishe. Tabaka ya nje itabaki ikielea, hiyo ni sawa. Chuja, chukua ml 5, fikisha ml 25, soma kwenye nm 289. Mkolezo unaotarajiwa ni µg 20 kwa ml. Hapa kuna kosa kubwa: kusawazisha mashine kwa bafa tupu. Tengeneza sahani moja ya vibandiko visivyo na dawa, uviyeyushe vilevile, na hiyo ndiyo iwe sifuri yako. Polima huleta ukungu kidogo unaosomeka kama dawa. Fanya kwa vipande vitatu angalau, kimoja kutoka katikati na viwili kutoka pembeni.

Mnato. Kwa hiki unahitaji utando wa shavu la mnyama. Shavu la nguruwe ndilo linalofanana zaidi na la binadamu. Mahali pengi pwani utapata la mbuzi kwa urahisi zaidi, nalo linatosha kulinganisha kibandiko kimoja na kingine, ilimradi usilitumie kudai dawa itapenya kwa kasi gani kwa mtu. Nenda machinjioni alfajiri, mweleze mchinjaji unachotaka, na ulichukue halijamwagiwa maji ya moto. Ndani ya shavu la mbuzi, karibu na kona ya mdomo, kuna vichuchu vyenye ncha kama miiba. Eneo hilo halifai, chukua sehemu laini ya ndani zaidi. Lisafirishe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopozwa kwa barafu, bila kuligandisha, na utumie siku hiyohiyo.

Tumia mizani ya sahani mbili. Bandika utando kwenye kizibo cha mpira chini, ulowanishe kwa bafa ya pH 6.8. Gundisha kibandiko, upande wa nje, chini ya sahani ya kushoto. Kigusishe kwenye utando, kibane kwa uzito mdogo ule ule kila mara kwa dakika moja, ondoa uzito. Kisha dondosha maji polepole kwenye kikombe cha sahani ya kulia mpaka kibandiko kiachie. Pima maji hayo. Gramu gawanya kwa 1000, zidisha kwa 9.81, unapata nguvu kwa nyutoni. Maji yakiwa g 25, ni N 0.245. Kila jaribio litumie kipande kipya cha utando. Muda wa kugusisha usiubadilishe, kwa sababu dakika tatu zitatoa mnato mwingine kabisa na hutaweza kulinganisha.

Kasi ya dawa kutoka. ml 500 za bafa ya pH 6.8, nyuzi 37, pangaboi la mizunguko 50 kwa dakika. Gundisha upande wa nje wa kibandiko kwenye kipande cha kioo kizame chini, vinginevyo kitaelea na kukunjamana.

"Naweza kubadilisha polima?"

Unaweza, ila fahamu chaji ya dawa yako. Propranololi kwenye maji ina chaji chanya. Ukiichanganya na polima yenye chaji hasi, kama alginati ya sodiamu, karboksimethiliselulosi ya sodiamu au Carbopol, hushikana, na jeli inaweza kugeuka ukungu au kutupa mashapo. Nilichagua HPMC kwa sababu haina chaji na haimsumbui anayeanza.

Chitosani, inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa, hunata vizuri sana kwa sababu chaji yake chanya hushikana na ute, wenye chaji hasi. Lakini huyeyuka kwenye asidi tu, kwa kawaida asidi asetiki ya asilimia 1, na kibandiko kikibaki na asidi hiyo pH ya uso inashuka. Pia usiichanganye na alginati kwenye bika moja ukitegemea jeli laini. Utapata kitu kama maziwa yaliyoganda.

Wengi huniuliza pia kuhusu mwani wa Zanzibar, wakidhani unatoa alginati. Hapana. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, spinosamu na kotonii, ni mwekundu, na hutoa karajini. Karajini nayo ni polima nzuri ya kunata na ningependa sana kuona miradi yake ikiongezeka, maana malighafi iko mlangoni kwetu. Ila ina chaji hasi, kwa hiyo si ya propranololi kwa jaribio la kwanza. Ianze na dawa isiyo na chaji.

Mambo yakiharibika

Mabonge kwenye jeli. Kama ni machache na hujaongeza dawa, rudisha joto hadi nyuzi 80, koroga, poza tena kwenye barafu. Kama dawa imeshaingia, anza upya. Kuchuja mabonge ni kuchuja polima, na fomula yako haitakuwa ile uliyoandika.

Viputo vilivyoganda ndani ya kibandiko. Ulikoroga kwa kasi, au hukuiacha jeli itulie baada ya kuongeza dawa.

Kibandiko kinapasuka au kujikunja kama gome. Gliserini ni chache au kimekauka kupita kiasi. Kwanza angalia saa na joto halisi la oveni kwa kipimajoto cha pembeni. Vikiwa sawa, pandisha gliserini kutoka asilimia 25 ya uzito wa HPMC hadi 30. Usiruke moja kwa moja hadi 50.

Kinanata vidoleni. Gliserini nyingi au unyevu wa hewa. Kiweke kwenye desiketa siku moja. Kikipona, shida ni hifadhi. Kisipopona, shida ni fomula.

Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Pima maji.

Fuwele nyeupe zinaonekana baada ya siku kadhaa. Dawa imezidi uwezo wa polima kuishikilia, na inajitenga. Punguza dawa kwa kila kipande au ongeza PVP, ambayo huzuia fuwele kujijenga. Kipande chenye fuwele usikipime kiasi cha dawa na kuripoti, hata kama wastani umetoka vizuri.

Tabaka mbili zinaachana. Ulichelewa kumimina jeli. Lakini zikiachana ndani ya bafa tu, baada ya saa kadhaa, hilo si kosa kubwa: tabaka ya ndani inavimba na ya nje haivimbi, kwa hiyo zinavutana. Andika muda zilipoachana, ni taarifa muhimu kuhusu kibandiko chako.

Dawa ya katikati na ya pembeni zinatofautiana, ingawa unene ni sawa. Jeli haikukorogwa vya kutosha baada ya kuongeza dawa. Nusu saa ya hatua ya 11 inaonekana ndefu kwa kitu ambacho tayari ni angavu, lakini macho hayaoni propranololi iliyoyeyuka. Jeli nzito huchanganyika polepole.

Kibandiko kinaachia utando ndani ya dakika chache. Angalia kwanza kama hukukigeuza, maana tabaka ya nje ndiyo iliyotengenezwa isinate. Kama upande ni sahihi, punguza maji unayolowanishia utando. Ukiendelea kushindwa, ongeza K4M kutoka g 0.50 hadi 0.75 na upunguze E15 kwa kiasi hicho hicho, ili jumla ya HPMC na hesabu za gliserini zisibadilike. Jeli itakuwa nzito zaidi, kwa hiyo iache itulie saa mbili badala ya moja kabla ya kumimina.